Mbele ya Mkwewe

Ijumaa, masika, 1971

Mvua imenyesha tangu alfajiri na bado haijachoka. Mtaa wetu wote wa Jang'ombe ni matope. Nimerudi kutoka hospitali nimerowa, nikamwambia mama sina njaa. Nina njaa. Lakini leo naona haya hata kukaa naye mkeka mmoja.

Niandike, labda nitapumua.

Katika wodi ya wanawake, ninakojifunza kazi ya kunyoosha viungo, yumo Bi Mize wa Kiwengwa. Aliteleza kisimani akavunjika paja. Mfupa umeunga, ila kwa kukaa sana ndani ya plasta goti limekakamaa. Kila asubuhi tunalikunja taratibu, yeye anauma meno, mimi nampigia porojo asahau maumivu. Hunisifu kwamba nina mikono myepesi. Kesho anarudi kwao, na goti lile lisipokunjwa kila siku litaganda. Hatasujudu tena, wala hataweza kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi.

Leo mwalimu wetu, mgeni wa ng'ambo, aliniambia nimfundishe mtu wa nyumbani atakayemsaidia. Aliyekuja ni Haji, mume wa binti yake. Binti mwenyewe amejifungua juzi juzi, yumo ndani ya arobaini.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilitaka anione hodari.

Nikaishika kanga ya Bi Mize, nikaipandisha mpaka pajani, mbele ya mkwewe.

Haji akageukia ukutani papo hapo. Bi Mize akaing'ang'ania kanga kwa mikono miwili, akaniambia kwa sauti ndogo, "Nstiri, mwanangu. Mkwe wangu huyo."

Na mimi nikamjibu, "Hospitali hakuna haya, Bi Mize." Kisha nikamwita Haji aje atazame.

Hakutazama. Alitoka nje kwenye mvua. Mwalimu akatikisa kichwa kuniridhia, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Furaha ile ndiyo inayoniuma. Mwalimu hajui; kwao pengine mkwe ni mtu kama mtu mwingine. Mimi najua. Mume wa dada yangu akipiga hodi tu, mama hukimbilia ndani kutafuta ushungi hata kama ana unga mikononi. Nilijua wakati ule ule mkono wangu ulipokuwa unapandisha ile kanga. Nilijifanya sijui. Na kama ni kufundisha, Haji ana magoti yake mawili. Ningemwambia akunje la kwake, mimi nikaeleza kwa mdomo.

Jioni nilikwenda kumuaga. "Shikamoo, Bi Mize."

Alikuwa amejifunika gubigubi, uso ukutani. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyenijibu: "Anasema goti libaki vivyo hivyo lilivyo. Hataki kuguswa tena."

Nimekunja magoti ya watu mwezi mzima, na leo nimelifunga moja kwa ulimi wangu.

Mama amenibana mpaka nimemweleza. Hakunigombeza. Aliuvuta ushungi wake kama vile Haji yuko mlangoni, kisha akasema, "Kesho nenda kabla gari ya shamba haijamchukua. Na usende na hilo gauni lako jeupe la hospitali."

Nitakwenda na buibui. Nitamwomba radhi kwanza, mbele ya wodi nzima, kwa kuwa mbele ya wodi nzima ndiko nilikomvunjia heshima. Akinikubalia, nitamwonyesha njia isiyohitaji mkono wa mtu: alale kajifunika, kanga ya pili aipitishe kwenye unyayo, aivute mwenyewe mpaka goti likunjike. Nimeijaribu hapa kitandani kwa goti langu. Linakunjika. Kwa nini sikuifikiria asubuhi?

Najua kwa nini. Asubuhi nilikuwa sifundishi, nilikuwa najionyesha.

Kesho nitaanza na shikamoo. Sijui kama ataniitikia.