Shangazi Anamlaumu Mchumba Wangu kwa Hifadhidata Niliyoipasua Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usicheke mpaka ufike mwisho. Mimi ni mtengenezaji wa tovuti na shangazi yangu aliyenilea ni fundi cherehani, sasa nilimtengenezea tovuti ya kutunzia vipimo vya wateja, na kwa kuwa nilikuwa najifunza hifadhidata zile zisizotumia majedwali nikaona hapa ndipo mahali pake, maana mteja wa gauni ana kiuno na nyonga, wa suruali ana paja na urefu wa mguu, na kwenye jedwali wote lazima wapewe safu zilezile hata kama nusu zinabaki tupu, lakini huku kila mteja anakuwa na jalada lake lenye mambo yake tu.

Tatizo ni mazoea ya majedwali, mshauri, jalada la mteja nikalipasua vipande, jina huku, simu kule, kifua mahali pake, kiuno mahali pake, hata mikono ya nguo nikaijengea chumba chake, najiona msafi kweli, kumbe kila shangazi akitaka kumwona mteja mmoja tovuti inazunguka kote kuokoteza vipande, na yeye kasimama na utepe wa kupimia na mteja keshanyoosha mikono. Basi shangazi akaamua intaneti ni mbovu, na aliyemfungia intaneti ni mchumba wangu. Kaja mara kadhaa, kabadilisha waya, kahamisha kile kisanduku cha intaneti kutoka rafuni mpaka dirishani, anasema tu, "Samahani shangazi, nitaangalia tena," na shangazi ananiambia, "Mwanangu, mtu kashindwa kuleta intaneti chumba kimoja, nyumba ataiweza?" na wazazi wa mchumba wanakuja kwetu Jumamosi kuzungumzia ndoa.

Juzi ndiyo nimeelewa, mwalimu wa somo la mtandaoni alisema vinavyosomwa pamoja vikae pamoja, nikarudisha vipande vya mteja mmoja kwenye jalada moja, nikabonyeza, ukurasa ukafunguka papo hapo, nikalia kwa furaha. Sasa najiuliza, nikirekebisha majalada yote kimyakimya kisha mchumba aje abadilishe waya mara moja tu zaidi, si shangazi atamsifu na yataisha salama? Au niseme?

Ni mimi, Mwenye Vipande.

*

Mwenye Vipande, nilijizuia kucheka mpaka ulipofika kwenye chumba cha mikono.

Pumua, kubwa limekwisha. Mimi hifadhidata sizijui, lakini mkwe wangu anatengeneza tovuti na nilimsomea barua yako. "Mama, hilo karibu kila anayetoka kwenye majedwali hulifanya," akasema. "Mimi nilipasua duka zima la viatu." Anasema hakuna kilichopotea. Nakili kila kitu mahali salama kwanza, kisha rudisha kila mteja kwenye jalada lake wakati shangazi amefunga duka. Na usije sasa ukarundika kila kitu kwenye jalada moja. Oda zinazoongezeka kila mwezi ziweke kando, kila moja na alama ya mteja wake.

Sasa huo mpango wako wa waya. Hapana. Unataka kijana wa watu asifiwe kwa kazi asiyoifanya ili asamehewe kosa asilolifanya, na wewe ukae katikati unatabasamu? Siku tovuti itakapochelewa tena, shangazi atampigia nani simu? Umejifunza jambo gumu, hongera, lakini kuficha kumekugeuza mtoto.

Mwambie shangazi kabla ya Jumamosi. Mfungulie ukurasa uone anavyoshangaa, halafu sema, "Shangazi, intaneti haikuwa mbovu, mimi ndiye niliyepanga vibaya." Atafoka. Aliyekulea ameshakufokea kwa makubwa zaidi ya hayo na jioni mkala pamoja. Kisha ataomba umfungulie mteja mwingine.

Jambo la mwisho. Nilimuuliza mkwe wangu fundi wa intaneti anajuaje kama laini ni mbovu. Akasema anapima kasi kwa simu yake, haichukui muda. Kwa hiyo mchumba wako alijua tangu siku ya kwanza kuwa kosa liko kwenye tovuti, akaona heri abadilishe waya mzima kwa waya mzima kuliko kukutaja mbele ya shangazi yako. Mtu wa namna hiyo usimwache alaumiwe hata siku moja zaidi. Nenda leo.