Aliyoyasema Mjomba Redioni

Masasi, Jumanne

Mjomba Alfredi,

Shikamoo. Huku sisi ni wazima. Mama anakusalimu kutoka Makote. Mikorosho imeanza kutoa maua, ila maji bado wanayafuata mbali.

Nimesikia tangu Ijumaa hutoki nje hapo Newala. Ni kweli ulikuja kwangu ukaniuliza, "Silvano, mimi nimeshastaafu ukocha. Niwaseme wenye timu, au ninyamaze?" Nikakujibu, "Sema, Mjomba. Watu wanakuheshimu." Ukaenda redioni ukasema ukweli: Uwesu alivunjika mguu akiichezea timu yao, wakamwacha nyumbani bila matibabu mpaka mguu ukakatwa.

Kesho yake waliniita. Wakaniambia kocha mkuu nitakuwa mimi, nikikujibu hewani. Ndiyo maana uliisikia sauti yangu ikisema wewe ni mlevi, na kwamba ni wewe uliyezinywea pesa walizotoa za matibabu ya Uwesu. Uwesu mwenyewe ameamini. Anakulaani.

Najua pombe hujawahi kuionja. Najua pia ulinilea tangu baba alipofariki, na kazi hii ulinifundisha wewe. Lakini nilikuwa msaidizi wako miaka kumi na moja, Mjomba, na hakuna aliyelijua jina langu. Nilipokuambia useme, nilijua watakachofanya.

Jumamosi tunacheza nyumbani. Usije. Walinzi wa getini wamepewa picha yako, na mimi ndiye niliyewapa.

Mpwa wako,
Silvano