Namna ya Kumlisha Papa

Beni, Jumatano

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumba yetu hapo Butembo. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya huko? Mimi niko mzima. Ninalala, ninaamka, ninafagia kanisa, ninalima kipande cha muhogo upande wa Mavivi. Askari wakifunga barabara hatulimi, tunakaa tu.

Mama Furaha, muuza samaki anayekuletea barua hii, ameniambia kwamba Papa wetu alianguka shambani, upande mmoja wa mwili umekufa na ulimi umekuwa mzito. Amesema Mama anamlaza magotini, anamwinua kidevu na kumimina uji, na Papa anakohoa. Ndiyo sababu naandika leo, sikungoja Jumapili.

Unajua kwamba mume wangu Kambale alikufa, lakini sikuwaandikia yote. Askari walipompiga kwa kitako cha bunduki, hakufa. Ulimi ulilegea tu. Kinywani mwake jina langu Kavira likawa "Kavia". Nilimlisha kama Mama alivyotulisha sisi tukiwa na homa: kichwa magotini, kiganja kwenye paji la uso, macho juu. Alikohoa, na majirani wakasema kukohoa ni kuzuri, chakula kinatafuta njia. Hata uji uliopoa alitaka kuinamisha kidevu aupulize kwanza. Mimi nilimkataza, nikamimina.

Baada ya wiki mbili kifua kikaanza kukoroma. Infirmier mmoja, muuguzi mzee, alinikuta ninamlisha, akanishika mkono.

"Mama, hapana vile. Angalia juu ya nyumba, kisha meza mate."

Nikajaribu. Jaribu na wewe, Yaya, hapo ulipo. Shingo inakaza, ulimi unavutwa nyuma, unakosa nguvu ya kusukuma.

"Sasa shusha kidevu. Meza tena."

Ulimi ukapanda wenyewe, ukasukuma kwenye kaakaa. Akanieleza kwamba mtu mzima wa afya anaweza kumeza hata akiangalia mawingu, lakini ulimi uliolegea unahitaji shingo iusaidie. Kichwa kikienda nyuma, uji unateremka kwenye mapafu kabla ulimi haujaushika.

Nilimwambia kwetu ndivyo tunavyolisha wagonjwa.

"Hata kwetu," akasema.

Tulimkalisha Kambale, mgongo ukutani, kidevu chini kidogo. Siku nne alikula bila kukohoa. Siku ya tano homa ilimchukua, kwa sababu kifua kilikuwa kimekwisha kujaa. Sikulia. Niliosha kikombe.

Kwa hiyo Papa akae wima. Mwekeeni kitenge kilichokunjwa nyuma ya kichwa, kidevu kielekee kifuani, uji uwe mzito, nusu kijiko tu, na mngoje ameze. Shangazi atasema mnamnyima chakula. Mwache aseme.

Nisalimie huyo shangazi, na mdogo wetu Paluku anayefundisha, na mke wake, na wamama wa kwaya.

Mama usimsomee habari ya Kambale. Mwonyeshe tu namna ya kumkalisha Papa. Na kama barua hii imekuta Papa ametutoka, ichome, usimwambie Mama neno. Aendelee kujua kwamba alimlisha.

Mdogo wako,
Kavira