Chai ya Gogo kule Milimani

Mama,

Nimepata kazi. Yunifomu yenyewe ni ya samawati, si nyeupe kama ile ya manesi wa dispensari uliokuwa unanionyesha ukisema, "Tazama huyo, Nyambura, hata matope ya Ndabibi yanamwogopa." Inanibana kidogo kwapani, lakini nikivaa sweta juu nakaa mtu. Ile asubuhi ya kwanza nilijitazama kwenye kioo, nikageuka nyuma nikuulize kama sketi imekaa sawa. Nikabaki nimesimama hivyo. Wairimu wangu mdogo akaniuliza, "Unatafuta nani?" Nikamwambia natafuta kiatu.

Mjukuu wako huyo anaendelea vizuri. Amerefuka, na mdomo umerefuka zaidi. Kwa vile tulimpa jina lako, bado namwita Mami kama zamani, na siku zingine jina hilo likinitoka najikuta nimelivuta, kama ni wewe naita uko kwa shamba la viazi hunisikii. Nikienda kazini namwachia Mama Shiro wa mlango wa pili hapa Bondeni, yule wa mandazi. Jioni ananirudia akinuka mafuta, amejaa maneno ya watu wazima. Juzi ameniambia, "Maisha ni ngumu, Mum." Nikacheka mpaka nikakumbuka huwezi kusikia.

Acha nikueleze kazi.

Baada ya kukuzika nilikaa tu. Mikono ilikuwa haina cha kufanya. Dada yako, Tata Njeri, ndiye aliyenikalisha chini akaniambia, "Mwaka mzima umegeuza mtu kitandani, umemwosha, umemlisha na kijiko. Enda usomee hiyo kitu upewe cheti." Mimi na Form Two yangu nikaenda, nikafanya ile kozi fupi ya kutunza wagonjwa nyumbani. Kulikuwa na mambo nilijua, na mengine nilikuwa sijui kabisa, nikawa naandika mpaka vidole vinauma. Halafu ofisi inayotafutia watu kazi ikanituma Milimani.

Huko miti imefunika barabara, unatembea kwenye kivuli kama uko kanisani. Soja wa geti aliniangalia juu chini akasema, "Wewe ndio nesi mwingine? Basi usiniambie jina mpaka wiki iishe. Hao wengine nilishika majina bure."

Kumbe waliokuja mbele yangu hawakukaa. Ndani kuna mama mzee, Mkalenjin, kila mtu anamwita Gogo, yaani nyanya. Kiharusi kilimpiga upande mzima wa kulia, kikamchukulia na maneno yote, kikamwachia moja tu: haya. Akitaka kugeuzwa, haya. Akikasirika, haya. Akiona ndege amekaa dirishani, haya. Ni mrembo, Mama. Ngozi imekunjamana vizuri kama kitambaa kilichokunjwa kikawekwa sandukuni. Na macho yake yanakufuata mlangoni mpaka jikoni.

Binti yake tunamwita Mama Cheruto. Anafanya kazi ofisini town, na nilipofika alikuwa tayari ameshika mkoba wa kutoka. Akaniambia, "Mama yangu hali. Tangu atoke hospitali anasukuma kila kitu. Daktari atakuja Ijumaa, na kama bado ni hivi, anarudi wadi, awekewe mpira wa kulishia puani." Akaongeza, "Akirudi huko, hatarudi hapa. Namjua. Kwa hivyo kama hutaweza, niambie mapema, nisikuchukie bure."

Hakuwa anasema kwa ubaya. Macho yalikuwa mekundu. Akanionyesha dawa, akanionyesha taulo, akanionyesha kikombe changu cha plastiki jikoni, akaniambia chakula changu nitakula huko huko. Nikasema sawa. Hata kwenye kozi tulifundishwa hivyo: usile mbele ya mgonjwa.

Sasa, mtu wa kiharusi hanywi chai kama yetu. Ikiwa nyepesi inakimbilia kwenye mapafu. Unaikoroga na unga wake maalum mpaka inakuwa nzito kama uji, unamkalisha wima, kidevu chini kidogo, unampa kwa kijiko, unangoja uone koo limepanda na kushuka. Nilifanya hivyo vyote. Nikaileta ikiwa na joto zuri. Gogo akaiangalia, akaniangalia, akainua mkono wake mzima, wa kushoto, akasukuma kikombe kikanirudia kifuani. "Haya."

Nikangoja, nikajaribu tena. Akasukuma. Uji, akasukuma. Viazi vilivyopondwa na maziwa, akasukuma sahani mpaka ikagonga tumbo langu. Siku nzima alikubali vijiko vichache tu vya kumezea dawa, tena amefunga macho.

Na hapo ndipo nilipoona kazi hii itanishinda, Mama. Kwa sababu huo mkono naujua. Ile kansa ilipofunga koo lako, wewe pia ulikuwa unanisukumia kikombe hivyo hivyo, polepole, kwa mgongo wa vidole. Nilikuwa nakubembeleza, "Kidogo tu, Mum, hata tone." Nilikuwa nakasirikia uji. Nilikuwa naubadilisha, leo wa wimbi, kesho wa mtama, kesho kutwa naongeza ndizi, kama ubaya ulikuwa kwenye sufuria. Sasa niko Milimani kwenye nyumba ya watu, nimeshika kikombe cha mtu mwingine, na mwili wangu wote uko Ndabibi kando ya kitanda chako.

Nilienda bafuni nikafungulia maji ndio nisisikike.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa ananiruhusu nimwoshe, nimpake mafuta, nimchane nywele. Kuna wakati nilikuwa namkanda vidole vya ule mkono uliokufa, akaegemeza kichwa kwenye bega langu kidogo. Sikuelewa. Mtu akikuchukia hawezi kukuegemea. Lakini nikileta kikombe, anasukuma. Jioni Mama Cheruto anaingia, anatazama sahani kabla hajanisalimia, halafu anapanda juu bila kuketi na mamake. Nilidhani ni kiburi. Baadaye nilimsikia akilia kwenye ngazi, amekaa na viatu vya ofisi.

Mama Shiro naye aliniambia, "Wewe umekonda kushinda mgonjwa. Huko Milimani hawapiki?" Wanapika. Ni mimi nilikuwa siwezi kula. Nikisimama pale jikoni na kile kikombe cha plastiki, peke yangu, chakula kinakataa kushuka. Namwaga chai kwenye sinki, naosha, narudi kwa Gogo.

Alhamisi ndiyo nataka nikuambie vizuri.

Nilitoka nyumbani bila kutia kitu mdomoni, maana Mami alikuwa anasumbua hataki kuvaa viatu. Saa nne nimemkalisha Gogo vizuri dirishani, nimefunga kitambaa shingoni, nimekaribia na chai yake. Nikawaza, kesho ni Ijumaa. Na kwa ule ukimya tumbo langu likanguruma, Mama. Si kidogo. Kama pikipiki imekataa kuwaka.

Gogo akafungua macho makubwa. Akatazama tumbo. Akanitazama. "Haya!" Akakisukuma kikombe kwa nguvu mpaka ile chai nzito ikanimwagikia yunifomu yote, ikawa inateremka polepole kama uji wa mtoto. Nilijaribu kupangusa. Halafu nikaacha. Nikakaa kwenye kile kistuli chake cha miguu nikalia, mbele ya mgonjwa, kile kitu tulikatazwa. Nililia na sauti. Sijui kama nilikuwa nalilia kazi ama yeye ama wewe.

Gogo akaanza, "Haya. Haya. Haya," lakini ya chini, kama mtu anayebembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Nikainua kichwa. Alikuwa ananyosha kidole kwenye kabati ya vyombo, ile ya kioo ambayo hakuna mtu anagusa. Nikasimama nikagusa sahani. Akatikisa kichwa. Nikagusa kikombe chenye maua. "Haya." Nikakitoa. Kidole kikaenda kwenye themosi ya chai ya kawaida iliyokuwa mezani. Nikamimina, moyo ukiniambia sasa huyu anataka kunywa nyepesi apaliwe mikononi mwangu. Nilipokuwa bado nimekishika, akaweka mkono wake chini ya mkono wangu, akausukuma ukarudi kwangu. Ukapita kifua. Ukafika mdomoni.

Mama, alikuwa hakatai. Alikuwa ananikaribisha.

Siku zote hizo mimi nilikuwa mgeni kwake, nimeingia nyumbani kwake, nimesimama, sijapewa hata chai, na kila saa nataka yeye ndiye ale mbele yangu. Angekulaje? Wewe ungekula? Wewe uliyekuwa unamkimbiza mtu wa kusoma mita ya stima mpaka kwa lango na kikombe mkononi!

Nikanywa. Nilikunywa nikiwa nimeketi kwenye kile kistuli, na Gogo anatazama koo langu likipanda na kushuka, vile mimi nilifundishwa kutazama lake. Sikuacha mpaka nikafika chini. Alipoona kikombe kitupu alishusha pumzi ndefu, akarekebisha shuka kwenye magoti kwa ule mkono mmoja, akakaa wima kama mwenye nyumba. Halafu akafungua mdomo.

Nilikimbia jikoni nikakoroga nyingine. Alikunywa kijiko kwa kijiko. Katikati alisimama akanyosha kidole kwenye themosi. Nikajiongezea. Tukaendelea.

Hivyo ndivyo Mama Cheruto alivyotukuta. Alikuwa amerudi mapema, sijui kwa nini, labda roho yake pia ilikuwa kwa ile Ijumaa. Akasimama mlangoni. Mimi nimeketi, yunifomu imejaa madoa, nimeshika kikombe cha maua, mdomo una maziwa. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Hicho ni kikombe cha wageni." Nikasema, "Ndiyo, madam. Ni yeye amenipa." Akatazama kile cha mamake. Kilikuwa karibu kiishe.

Halafu akavua viatu pale pale mlangoni, akaenda kwenye kabati akatoa kikombe kingine, akaja akaketi chini kwenye zulia na suti yake. "Mimi huwa nakula kazini," akaniambia. "Siwezi kukaa hapa nimwone hivi. Nafika nikiwa nimeshiba." Gogo akamtazama akimimina. "Haya," akamwambia, ile ya kumwambia mtoto. Mama Cheruto akanywa huku machozi yanaingia kwenye chai. Akacheka kidogo, akasema, "Mathe, hata sukari hujaniulizia."

Daktari alipokuja Ijumaa alimkuta akila viazi, mimi nikila vyangu kando yake. Akasema ule mpira ungoje. Hakusema Gogo atapona. Nilimsikia nje akimwambia Mama Cheruto wajiandae, kwamba moyo wake umechoka. Kwa hivyo najua, Mama. Huyu naye nitamshika mkono mpaka mahali fulani, halafu nitaachwa nimeshika mkono. Lakini nimeambiwa nirudi Jumatatu, na Jumatatu ile nyingine, na nisichukue tena kile kikombe cha plastiki.

Tangu hapo kuna jambo nalizungusha kichwani, na hakuna mwingine wa kuuliza. Ule mkono wako. Ulikuwa unakataa uji, ama ulikuwa unanigawia? Nilikuwa nimekonda wakati ule, nilijua unaniona. Siku moja ulisukuma bakuli, ukatikisa kidevu kuelekea kwangu, na nikafikiri ni maumivu. Sijui. Koo lako lilikuwa limefungwa kweli, hilo daktari alituonyesha kwa picha. Labda ni vyote viwili. Nimekubali sitajua, lakini nimeamua kuamini ile inayofanana na wewe.

Leo ni Jumapili. Tumetoka kanisani, nimefua yunifomu, iko kwenye kamba. Mami amelala na kiatu kimoja. Nilimpigia Kariuki simu nikamwambia anipe ufunguo wa nyumba yako. Unajua baada ya mazishi aliweka kufuli akaenda nao Naivasha. Akaniuliza, "Utaenda kufanya nini huko na hakuna mtu?" Tukarushiana maneno, unajua vile ndugu yangu alivyo, lakini mwisho akasema nitaupata. Ananiambia wale akina mama wa kanisa bado hupita hapo wakienda sokoni. Wanaona mlango umefungwa, wanasimama kidogo, wanaendelea.

Hiyo siwezi kuiacha hivyo.

Krismasi nikipewa siku zangu, naenda na Mami. Nitafungua madirisha moshi utoke, nitaweka ile sufuria kubwa, nitaacha mlango wazi mpaka barabarani wasikie harufu ya maziwa. Kila atakayepita ataketi, hata kama ni mtu tuligombana naye. Nitawamiminia wote. Halafu nitaenda kule chini kwa kaburi lako na kikombe changu, nikae na wewe.

Pumzika, Mama. Usiangalie mlango. Naahidi nitakunywa mimi kwanza.

Ni mimi wako,
Nyambura