Mahali Pasipokuwa na Picha

Homa Bay,
Agosti 1967

Kwako Asli, jirani yangu wa ukuta mmoja,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mzee Bashir na watoto wote, pamoja na yule mama wa kona aliyekuwa akijua habari za watu hata kabla hazijatokea. Mimi ni mzima, ila kidole kimoja nilikishona kwa cherehani na bado hakijapona vizuri. Sababu yake utaijua ukifika mwisho. Hofu yangu ni kwako na kile kifua chako. Je, kikohozi kimekwisha? Endelea na tangawizi na asali, usingoje Bashir akuonee huruma, maana huruma ya wanaume huja ugonjwa ukishapona.

Najua uliyoyasikia. Paul dereva alipita dukani kwenu akawaambia kwamba ameitwa kumchukua mama yangu, amrudishe Kosele akafie kwao. Ni kweli aliitwa, na gari lilikuja mpaka mlangoni. Lakini usilie kwanza. Keti chini, usome polepole.

Unakumbuka mama alivyoanguka shambani, upande wote wa kulia ukafa na ulimi ukafungika. Hospitali iko hapa Homa Bay, kaka yangu Cephas yuko Kericho kwenye majani chai, kwa hiyo mama aliletwa kwangu. Wewe umekaa na Wajaluo miaka mingi, unajua shida iko wapi. Mama yangu ni maro wa Javan, yaani mama mkwe wake, na kwetu mtu na maro wake hawaonani ovyo. Javan haruhusiwi kuingia anapolala, hata kumtazama usoni ni aibu. Na lililo baya zaidi, mama hawezi kufia katika nyumba ya mkwe wake. Hilo kwetu ni balaa la ukoo mzima. Tukampa chumba cha upande wa pili wa ua, kinachopakana na kile ambamo Javan anatengeneza redio. Javan naye akawa anazunguka nyuma ya jikoni kila akienda chooni, anakohoa kama chifu ili kila mtu ajue anapita.

Siku moja nikiwa sokoni kwenye cherehani yangu, mama alianguka kutoka kitandani. Javan alisikia kishindo, akamsikia anaguna, na ukuta uko katikati. Hakuweza kuingia. Mellen, jirani yetu Mkisii anayenisaidia, alikuwa ameenda kuteka maji. Javan alikimbia mpaka sokoni bila viatu, na tulipofika alisimama uani akageuza mgongo, analia, Asli. Mwanamume aliyekuwa jeshini! Aliniambia kwamba hataki tena kusikia mtu anateseka nyuma ya ukuta asijue anataka nini.

Hapo ndipo lile sanduku lako lilipofaa. Lile ulilonipa tulipohama Migori, lenye eropleni ya kuchezea ambayo Bashir aliinunua pamoja na vitu vingine vya mzungu wa Sotik aliyefunga virago. Mimi nilitaka kulitupa, Javan akaling'ang'ania. Ndani ya eropleni mlikuwa na mota ndogo kama kiberiti, yenye kijiti juu, iliyokuwa ikigeuza mkia. Javan aliifungua, akaongeza transista alizozitoa kwenye redio zilizokufa, akapitisha waya kwenye tundu la ukutani mpaka kwenye kifungo kama kile cha kutafutia stesheni, akampa Mellen akifunge karibu na mkono wa kushoto wa mama. Mama akikizungusha kidogo, kule kwa Javan kijiti kinageuka kidogo. Akikizungusha sana, kinageuka sana, halafu kinasimama hapo hapo. Ukikisukuma kwa kidole kinakataa, ukikiachia kinarudi pale mama alipokituma.

Nilimwuliza Javan kinajuaje. Akanieleza kwamba ndani mna kitu kinachopima kijiti kimefika wapi, na kingine kinachopima mama anataka kifike wapi; vikiwa havijalingana mota haitulii, vikishalingana inapumzika. Nikamwambia basi ajitie na yeye mwenyewe kifaa hicho, ili siku nikimtuma sukari asiishie kwa marafiki zake.

Mama hajui kusoma, kwa hiyo nilimchorea picha kuzunguka kifungo chake, na zile zile nikazichora kwenye ubao kule kwa Javan, nusu duara chini ya kijiti: kibuyu cha maji, bakuli la uji, blanketi, choo, na mwisho kabisa cherehani, yaani niitwe mimi. Kijiti kikielekea kwenye kibuyu, Javan anamwita Mellen, na Mellen anapeleka maji. Basi mkwe akawa anamtunza maro wake bila kumwona. Watu walikuja kutazama. Mama akaanza kunenepa, mashavu yakarudi.

Kisha akaja shangazi Rispa. Yawa! Shangazi ni mtu mzuri sana akiwa kwake. Alimsikia Javan kazini, na wewe unakijua kinywa kile, hakiwezi kukaa karibu na waya bila kuimba nyimbo za kanisa, zote kwa sauti moja, na hiyo moja ni mbovu. Shangazi alimkemea vibaya. Alimwuliza ni mkwe wa namna gani anayempigia maro wake makelele ukutani kama mlevi, akamwambia kwamba heshima ya mkwe ni kimya. Javan aliona haya. Tangu siku ile akafunga mdomo, na redio zenyewe akawa anazijaribu kwa sauti ya kunong'ona.

Na tangu siku zile mama akaanza kukataa chakula. Uji ulirudi jikoni ukiwa na utando juu. Akawa anageuza uso ukutani. Nikimwuliza anataka nini anatikisa kichwa, na kichwa hicho siku hizi kinatikisika hata asipoulizwa. Kijiti nacho kikaharibika, au ndivyo tulivyodhani. Kilikuwa kikipita picha zote, kikaipita hata cherehani yangu, kikaenda kusimama ubaoni mahali pasipokuwa na picha. Javan aliifungua mota, akaisafisha, akabadilisha mawe ya betri. Wapi! Kijiti kilirudi pale pale patupu. Shangazi akasema kitu hakina ubovu wowote, mama ndiye anayesema. Anaonyesha njia, anaona aibu kukaa kwa mkwe, anataka akafie Kosele. Daktari alikataza asihamishwe, lakini mtu asiyekula utamzuia kwa kitu gani? Nikakubali. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita Paul.

Asubuhi ya safari godoro lilikuwa limeshatandikwa garini, na shangazi amekaa juu yake akilichunga. Javan aliingia chumba chake cha redio kung'oa waya. Sijui ni majonzi, sijui ni mazoea, akajisahau akaanza kuimba. Na kijiti, Asli, kikaondoka pale patupu, kikarudi nyuma mpaka kwenye bakuli la uji, kikasimama. Javan akashtuka, akanyamaza. Kijiti kikarudi patupu. Akaanza ubeti tena. Bakuli. Akanyamaza. Patupu. Akatoka mbio, hata kuzunguka jikoni akasahau, akapita mbele ya mlango wa maro wake waziwazi, akanivuta mkono nikaone kwa macho yangu. Aliniambia kwamba mota mbovu hutetemeka, na hii haikutetemeka hata mara moja. Siku zote hizo ilikuwa imeshika pale ilipoambiwa ishike. Mama hakuwa akiomba Kosele. Alikuwa akiomba sauti ya mkwe wake, na mimi sikuwa nimemchorea.

Nilimpelekea bakuli mwenyewe. Nilimwuliza kama ndivyo, akacheka kwa ile nusu ya uso inayocheka. Alimaliza uji wote, huku Javan akiimba nyuma ya ukuta, machozi yameiharibu sauti hata zaidi, na Paul nje anapiga honi kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumwambia. Tulishusha godoro. Shangazi Rispa tulimwacha garini, maana alikuwa ameshakaa vizuri. Alisema tu kwamba kama maro mwenyewe ndiye anayetaka, basi hayo si makelele tena.

Sasa pale patupu pana picha ya mwanamume aliyefumbua mdomo. Mama akizungusha kifungo Javan anaimba, akikirudisha Javan ananyamaza. Kazi iliyonishinda tangu niolewe, yeye anaifanya kwa kidole kimoja. Daktari amemwona juzi, amefurahi sana. Ah, Asli, nimelala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu mvua zianze.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu, hata Javan. Kile kitambaa cheupe ulichonipa, ukaniambia nijishonee gauni la kwaya, mama alipokataa uji nilikishona gauni la kumzikia. Nilikishonea pale pale sokoni mchana kweupe. Watu walidhani ni gauni la bibi harusi, wakanipongeza, nami nikawaitikia asante. Ndipo nilipokishona kidole, kwa sababu nilikuwa sioni. Unisamehe, wewe ulinipa zawadi ya furaha.

Jumapili nililitoa lile gauni sandukuni, chumbani kwa mama, nikitaka kulifumua kabla hajaamka. Kumbe alikuwa macho. Aliunyoosha mkono wa kushoto, akalishika, akakataa kuliachia. Ningefanya nini? Nilimvalisha. Sikumwambia ni la nini, na sidhani kwamba hakujua, maana amewavisha wengi. Akaketi kitandani nalo, akazungusha kifungo, Javan akaanza wimbo, Mellen akaleta uji, na nusu ya bakuli ikamwagikia kifuani.

Msalimie sana Bashir, umwambie eropleni yake haitaruka tena. Mama anakusalimu. Javan naye anakusalimu, na upepo ukiwa mzuri utamsikia huko huko Migori. Uniandikie habari za kifua chako, usinifiche. Gauni lina doa kubwa la uji wa wimbi, Asli, na sina haraka ya kulifua.

Ni mimi jirani yako,
Roseline