Ya Mafuta, ya Hospitali, au ya Sokoni

Jumatano. Guangzhou, unyevu.

Leo kuta zinatoka jasho. Ndio msimu wake: mvua hainyeshi ikaisha, jua halitoki, na hewa yote ya mji inaingia ndani na kugeuka maji kwenye vigae. Nimepiga deki ofisini mara tatu na sakafu bado inateleza. Nguo nilizoanika Jumapili zimeanza kunuka kabla hazijakauka. 

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: naitwa Hawa, mtu wa Magomeni, Dar es Salaam. Nakusanya mizigo ya wafanyabiashara wa nyumbani na kuipakia kwenye kontena. Ofisi yangu ni chumba kimoja ndani ya Tianxiu, jengo ambalo ukisimama kusubiri lifti unasikia Kiswahili cha nchi nne. Nina miaka minane hapa, na nyumbani nilikwenda mara ya mwisho mwaka juzi.

Nilikusudia leo niandike jambo jepesi. Kadi.

Benki yangu ya Dar imetuma ujumbe kwamba kadi yetu ya zamani inaondolewa, ile iliyokuwa inaturudishia hela kidogo kwa kila tunachonunua. Mpaka Ijumaa kila mteja achague moja kati ya tatu mpya. Ya kwanza inarudisha zaidi ukinunua mafuta ya gari. Ya pili inarudisha zaidi ukilipa hospitali na maduka ya dawa. Ya tatu ni ya sokoni: supamaketi, bucha, mchele, mahitaji ya jikoni. Huruhusiwi kuchukua mbili.

Mimi na vitu vya kurudishiwa hatuachani, lazima nikiri. Nikinunua nguo nadai na henga zake, na laoban, mwenye duka, akiniambia mei you, hamna, navuta kiti nakaa mpaka zipatikane. Ndiyo maana nilipopata ile kadi ya zamani niliomba na ya pili kwa jina la Zuhura, mdogo wangu, ambaye yeye na mumewe na mtoto wao wanakaa na baba. Nilitaka matumizi yote ya nyumba yapite humo. Niliwafundisha kwa simu kama mwalimu wa chekechea. Hata panadol, nilimwambia Zuhura, hata kiberiti, kama duka lina mashine, lipa kwa kadi. Baba alicheka, akasema binti yake amekuwa Mchina.

Na hela zilirudi. Miezi ya karibuni zilirudi nyingi kuliko zamani. Mwezi uliopita zilitosha kununua jiko la wali la umeme, nikawaonyesha majirani wa ghorofa nzima na kuwahubiria kuhusu kutumia kwa akili. Nilidhani ni akili yangu.

Sikuwahi kufungua nione zinatoka wapi.

Asubuhi nilikuwa Kangle, kule kwenye vichochoro vya mafundi cherehani, kukagua madera ya mteja wa Tanga. Hayakuwa tayari, fundi akaniambia nirudi Ijumaa. Nikarejea ofisini mapema, nikachemsha chai, nikafungua programu ya benki kwenye simu. Huwezi kuchagua kadi vizuri bila kujua nyumba yako inatumia wapi, na benki imeyapanga matumizi yote mafungu mafungu, mwezi kwa mwezi.

Nilianza na mafuta kwa sababu jibu nililijua. Baba ni dereva mstaafu. Ameendesha malori ya mizigo mpaka Tunduma na kuvuka mpaka, na alipostaafu alinunua gari dogo kuukuu ambalo hulifuta vumbi kila siku hata kama haliendi popote. Kila Ijumaa hupita sheli, hujaza, huenda msikitini, halafu huzungukia jamaa zake mpaka magharibi.

Mara ya mwisho kupita sheli ni miezi minne iliyopita.

Nikasema labda analipa taslimu, wazee na kadi tena. Nikafungua ya sokoni. Kulikuwa na vitu vichache, na vinapungua kila mwezi. Nyumba ya watu wanne inakula kama ya wawili. Bucha sikuiona kabisa, na baba yangu ninayemjua mimi hamalizi siku mbili bila nyama.

Nikafungua hospitali na dawa. Nilishusha ukurasa, nikashusha, nikashusha. Duka la dawa, hospitali, duka la dawa, hospitali. Hospitali yenyewe ni moja tu, ya watu binafsi, iko Upanga, na kila mara kiasi ni kilekile.

Kusoma orodha ndiyo kazi yangu. Nipe orodha ya mzigo wako nitakwambia kama unafungua duka, unaoza binti, au unamjengea mke wa pili ambaye wa kwanza hajaambiwa. Orodha ya nyumbani kwetu nilikuwa naisoma mstari mmoja tu, ule wa chini, unaosema nimerudishiwa ngapi.

Papa Odilon akaingia kuomba selotepu. Ni jirani yangu wa mlango wa pili, mtu wa Lubumbashi, ananunua vipuri vya pikipiki na hajawahi kukosa neno la kusema. Nikamwita anisaidie kuchagua kadi, nikijifanya ni mzaha, maana sikutaka kuwa peke yangu na ule ukurasa. Alivaa miwani, akaupitia kwa kidole huku akinitania kwamba wanawake wa Pwani wakisikia bure hata ndoa wanaiacha. Halafu akaisogeza simu karibu na macho.

"Mama, uliona siku?"

Sikuwa nimeziona. Nilitazama pesa, sikutazama siku. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Wiki baada ya wiki, kwa miezi mitatu.

"Hii njo mashini ya rein," alisema polepole. "Mukubwa wangu alikuwaka anaenda vile vile. Mardi, jeudi, samedi. Balikuwa banamusafisha damu."

Figo. Nilielewa kabla hajajigusa kiunoni kunionyesha.

Kidole chake kikapanda juu mpaka siku za karibuni, kikasimama. Alhamisi ya wiki iliyopita ipo. Jumamosi haipo. Jumanne, yaani jana, haipo. Nikamuuliza kama huenda mgonjwa amepona. Papa Odilon, ambaye hubishana hata na matangazo ya treni, alitikisa kichwa tu. Alivua miwani, akaikunja, akaniuliza kama kesho kuna avion, yaani ndege, ya Dar. Akatoka, selotepu ameiacha mezani.

Nyumbani kwetu msafiri haambiwi habari mbaya. Yuko ugenini, watu husema, peke yake, mtamuua bure. Nimelelewa hivyo na mimi mwenyewe nimeshafanya. Mwenzetu mmoja wa Unguja alifiwa na mama yake, na sisi wa jengo hili tulijua tangu alfajiri. Tulimkatia tiketi, tukamwambia mama anaumwaumwa tu, tukampeleka uwanja wa ndege wa Baiyun kwa treni tukimchekesha njia nzima. Mimi ndiye niliyekuwa nachekesha zaidi. Nilirudi nikiwa nimeridhika kwamba nimefanya wema.

Sasa nayakumbuka majibu ya Zuhura, moja moja. Baba hajambo. Baba amelala. Baba kaenda msikitini. Hilo la msikitini alinipa Jumamosi, saa tatu asubuhi za kwao, saa isiyo na swala, na mimi nikapokea, nikamwambia asalimiwe. Kuna methali ya mficha maradhi. Ilinijia nikiwa nimesimama katikati ya ofisi, nikaikatiza njiani isifike mwisho.

Saa kumi alasiri hapa, Dar ni saa tano asubuhi. Nikapiga.

Tulisalimiana kama kawaida, shikamoo dada, marahaba, mtoto hajambo, hajambo. Nikamuuliza baba.

"Baba hajambo. Amelala."

"Zuhura," nikamwambia, "jana ilikuwa Jumanne."

 Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia redio ikizimwa. Kisha nikamsikia analia, kilio kile cha mtu aliyeziba mdomo kwa kanga. Nilitaka kumgombeza, kweli nilitaka. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini simu ilishahama mkono.

"Usimsumbue," alisema baba. "Nilimkataza mimi."

Nikamwamkia. Akaitika marahaba mama, kama anavyoniita tangu mdogo. Sauti imekwisha. Anasema maneno matatu, anapumzika, anasema mengine matatu. Huyu ni mtu aliyekuwa akituita kutoka barabarani na mtaa mzima unageuka. 

Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia ni kadi, nikamweleza habari ya benki na kuchagua na Ijumaa. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema niliwaambia walipe kila kitu kwa kadi, wakalipa, basi nisilalamike. Halafu akaniuliza kadi zenyewe ni zipi. Nilifurahi kuulizwa. Nilidhani tunazungumza kadi.

"Ya mafuta acha," akasema. "Gari nimemwambia Zuhura aliuze."

"Na ya hospitali?"

"Hiyo nimeshamalizana nayo. Ile mashine, mama, inanichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Narudi nyumbani nimekamuliwa."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Chukua ya sokoni," akasema baba. "Hapa patajaa wageni. Mchele utakwenda mwingi."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, kwa sauti ileile aliyokuwa akitumia zamani kunielekeza njia. Nilishika ukingo wa meza, ulikuwa umelowa kama kila kitu humu ndani. Nikamwambia Jumamosi aende, Jumamosi hii moja tu, nakuja, nitampeleka mwenyewe, nitakaa naye saa zote nne za mashine. Akasema inshallah.

Inshallah ya baba naijua. Akitaka jambo huitamka huku anainuka. Asipotaka huitamka akiwa amekaa, na haendi. Kwenye simu sikuweza kuona ni ipi. Nilimsihi tena. Akaniuliza kama nimekula mchana, nikasema nimekula, naye akasema vizuri, usikae na njaa. Akamrudishia Zuhura simu.

Zuhura alitoka kwenda uani ndipo akanieleza yote. Miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Usiku halali, anakaa kitini, kwa sababu akilala pumzi inakata. Daktari amesema asipitishe Jumamosi bila mashine, na akaisema mara mbili. Kila mtu amembembeleza, shemeji, imamu, majirani. Mtu pekee ambaye hajambembeleza ni mimi, maana mimi nilikuwa salama, sijui kitu, natuma picha za jiko la wali.

Nina hasira nao. Niandike tu, ni shajara yangu. Miezi mitatu wamenicheza kama mtoto. Lakini kila nikiipandisha hiyo hasira namkumbuka yule wa Unguja na vichekesho vyangu kwenye treni, inashuka.

Na kuna jambo baya zaidi ambalo sitaki kuliandika na nitaliandika. Kila baba alipolazwa kwenye kile kitanda na kuchomwa sindano, huku kwangu ziliingia hela, nami nikasema alhamdulillahi. Lile jiko liko pale pembeni ya dirisha. Leo sikuweza kulipikia.

Papa Odilon amerudi jioni. Amesema Ijumaa atakwenda Kangle kuchukua yale madera na atasimamia kontena lipakiwe, nisiulize bei. Nimemshukuru, akanipungia mkono nisimshukuru. Tiketi imepatikana, ndege inaondoka kesho usiku, inapumzika mahali njiani, Ijumaa mchana niko Dar. Nimeilipia kwa ileile kadi ya zamani. Dakika hiyohiyo benki ikanipa hongera, nimerudishiwa hela nyingi kuliko siku zote.

Kadi mpya sijachagua. Vile viduara vitatu bado viko wazi kwenye simu. Nimegusa cha hospitali, nikakitoa. Cha sokoni sikigusi. Sitamfanyia baba hilo. Wakitaka benki wanichagulie wao, au wanifungie kabisa.

Ijumaa nitashuka kwenye bajaji Magomeni na mkoba wa mkononi tu. Sitapiga hodi kwanza. Nitatazama mlangoni, nihesabu viatu.