Mkia Alioutia Saini Masalu

Karakana ya Ndege,
S.L.P. 1187,
Ilemela, Mwanza.
17 Agosti, 1996.

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje huko Mtwara? Sisi hatujambo, mama tu anakohoa kidogo.

Shangazi, najua Masalu wa kwetu Sengerema, fundi mkuu hapa, alikuandikia kwamba nilifukuzwa kwa kugonga mkia wa ndege na toroli. Ukamwamini, ukaacha kuniandikia. Mwongo mkubwa yule! Sasa sikia.

Mkia huo si wa bati la alumini. Ni nyuzi za kaboni, tabaka juu ya tabaka, zimeshikwa na gundi ngumu. Ni mwepesi ajabu, na kila kilo inayopungua kwenye ndege ni kilo ya minofu ya sangara inayopata nafasi. Ulipobonyea kidogo, Masalu akaunyoosha kwa nyundo. Kama bati! Halafu akapaka puti na rangi, akatia saini. Mimi niliugonga kwa sarafu: palipo pazima hulia ting, pale palilia dub. Tabaka zilikuwa zimeachana ndani. Nilipomwambia, akanisingizia mimi na kunifukuza. Miezi miwili nilikaa nyumbani, hata kanisani watu walinikwepa. Nilimchukia, sikufichi.

Jumanne ya wiki iliyopita akaja mkaguzi kutoka Dar, kuiangalia ndege hiyo kabla haijarushwa kwa majaribio. Ng'washi wa stoo akanipasha habari, nikaenda mbio. Kwetu karakanani, aliyetia saini matengenezo ndiye hupanda ndege inapojaribiwa. Nikasema mbele ya wote, "Masalu, saini ni yako. Panda."

Loo! Jasho likamtoka. Eti tumbo linamsumbua! Mkaguzi akamtazama, akachukua sarafu akagonga mwenyewe, akaamuru puti ibanduliwe. Ufa ulikuwa mrefu kama mkono wangu. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, wala sikuona haya.

Nimerudishwa kazini, yeye kasimamishwa. Jumapili alikuja kwangu na mkewe, akalia, akaomba nimsamehe. Mke nilimpa kiti, yeye nikamwacha asimame juani. Nikamwambia akuandikie wewe kwanza, kwa mkono wake, kwamba alidanganya.

Nisalimie wanao, Maige na Paskazia. Mungu akuponye mguu na akulinde.

Barua ya Masalu ikifika, isome, uiweke. Usimjibu. Na yeye akae akingoja barua yako, kama nilivyongoja mimi.

Mwanao akupendaye bado,
Nkwabi